Kutoka Dar Mpaka Mwanza kwa Kivuli cha Mlingoti

Mmeniomba niandike, nimeandika. Msije mkalalamika kwamba mwandiko ni mbaya au maneno ni makali. Mimi darasani nilikaa miaka miwili tu kabla baba hajanitoa nikachunge, na kusoma kwenyewe nilikumalizia ukubwani, kwenye elimu ya watu wazima, mtoto akiwa mgongoni. Mishahara sitaitaja, haikuwa ya kutajwa. Nani alipanda cheo na nani alibaki chini, hilo mtaulizana wenyewe. Nitasema kazi.

Kazi yangu ilikuwa kutunza uwanja wa ndege. Mtu wa mjini akisikia hivyo anaona majengo na vioo. Wetu ulikuwa uwanda wa nyasi pembeni mwa hospitali ndogo, upande wa Kinyangiri, pale ardhi inapotulia kabla ya kuteremka kwenda mbugani. Urefu wake hatua mia nane na kumi kwa miguu yangu. Mawe ya chokaa pande zote mbili, mlingoti mmoja wenye soksi ya upepo, kibanda kimoja cha mabati. Basi. Lakini asubuhi za kipupwe, ukungu ukiwa umelala chini kiasi cha magoti, yale mawe meupe yalikuwa kama yanaelea, na mimi nikipita katikati yake na fyekeo langu sikujua kama natembea au nimebebwa. Nimeolewa, nimezaa, nimezika, na bado nikifumba macho ndicho kitu cha kwanza ninachokiona.

Aliyenifundisha ni Mzee Msengi. Yeye alikuwa mtu wa reli. Alifanya kazi Manyoni miaka mingi kwenye genge la kutengeneza njia, mguu ukaumia, akarudi nyumbani kwetu Iramba na filimbi, saa ya mfukoni, na bendera mbili, nyekundu na kijani. Hospitali ikampa uwanja autunze, naye akautunza kama reli, kwa sababu kitu kingine hakukijua.

Siku ya kwanza, mwaka wa pili baada ya Uhuru, alinikuta nimeshika panga.

"Hilo la nini?"

"La kufyekea, Baba."

"Kwani hapa ni shamba la bibi yako? Weka chini. Kwanza tembea."

"Nitembee kwenda wapi?"

"Jiwe la kwanza mpaka la mwisho, halafu urudi. Ukiona jiwe limezidi ngumi yako, toa. Ukiona shimo la panya, ziba na ushindilie. Ukiona kichuguu, niite."

"Kichuguu kidogo nacho nikuite?"

"Leo kidogo kama kifuniko cha chungu. Keshokutwa kinavunja gurudumu na shingo ya mtu. Tembea."

Nilitembea. Nimetembea hivyo kila alfajiri mpaka nilipostaafu, na nyinyi mnaotazama uwanja kutoka dirishani mkinywa chai, nawaambia wazi, jicho lililosimama halioni shimo. Mguu ndio unaliona.

Soksi ya upepo nilikuwa naishona mwenyewe kwa kitambaa cha amerikani, mdomo mpana, mkia mwembamba, na duara la waya la kuushikilia mdomo usilale. Ya kwanza niliishona vibaya ikakaa kama mguu wa suruali ya mtu aliyekonda. Ya pili ililiwa na mbuzi tulipoishusha kuifua. Ya tatu ilidumu. Kazi nyingine ilikuwa ng'ombe. Nyasi zilizofyekwa huchipua tamu, na kila mfugaji wa pale aliamini kwamba serikali imemlimia malisho. Ndege ikikaribia lazima uwanja uwe mtupu, kwa hiyo jambo kubwa la kujua lilikuwa moja tu: inafika wakati gani?

Hospitali ilikuwa na simu ya upepo, na Nesi Salome ndiye aliyeisikiliza. Ndege ikiondoka Dar es Salaam kuja kwetu, au Mwanza kuja kwetu, aliambiwa, naye alitoka nje na kugonga rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti. Mara moja ni Dar. Mara mbili ni Mwanza. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua kitu mpaka uisikie angani.

Mzee Msengi aliandika ratiba kwa chaki kwenye ubao wa kibanda, kama ya stesheni. Dar mpaka hapa, saa tatu. Hapa mpaka Dar, saa tatu. Alipata wapi hizo saa tatu? Aliitazama saa yake ndege ilipoondoka kwetu mara ya kwanza, akangoja Salome aambiwe kwamba imetua Dar. Zilikuwa saa tatu. Akaandika pande zote mbili, akapiga mstari chini yake, kazi imekwisha.

Rubani wetu aliitwa Kapteni Deo, kijana mrefu wa kutoka Bukoba, mmoja wa Waafrika wachache waliokuwa wakirusha ndege siku hizo. Wanawake walikuwa wanakuja kumtazama tu mikono. Siku moja alitandaza ramani juu ya pipa, akaniomba uzi. Nilichomoa mmoja kwenye pindo la kanga yangu. Akaweka ncha moja Dar es Salaam, nyingine kwetu, akauvuta ukanyooka.

"Njia yangu hii, Mama Elibariki. Maili mia tatu na hamsini hivi."

Wakati huo tulihesabu kwa maili. Kilomita zilikuja baadaye, zikaifanya Dar iwe mbali zaidi na nauli ikafuata.

Mzee Msengi aliinama mpaka pua ikagusa karatasi. "Manyoni iko wapi hapa?"

"Huku chini, mzee."

"Uzi haujagusa Manyoni."

"Haupiti Manyoni. Wala Dodoma haupiti. Unapita Kiteto, unapita Kondoa, umefika."

"Sasa unajuaje njia bila reli?"

"Naangalia dira na milima."

Mzee aliinuka taratibu, kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe. "Ndiyo maana zinaanguka," akasema, akatoka kwenda kukagua mawe yake.

Mimi ule uzi niliuchukua. Nilikwenda nao nyumbani, na tangu siku hiyo nikawa mgonjwa wa kitu ambacho sikuwa na jina lake. Dar nilikuwa sijafika. Mpaka leo sijafika. Aliyetoka kwetu kwenda Dar alilala njiani siku mbili tatu, lori mpaka Singida, lori tena mpaka Manyoni, halafu treni, na alirudi amebadilika rangi. Na huyu kijana anatoka kule akiwa ameshiba chai ya asubuhi, anakula chakula cha mchana kwetu. Njia ileile? Siyo ileile. Nililala nikiitazama dari ya nyasi, nikiuona uzi wa kanga umetandazwa juu ya nchi nzima wakati watu chini wanapalilia, wala hawajui.

Saa sikuwa nayo, nilikuwa na mlingoti. Salome akigonga rimu, nilikwenda nikaweka kokoto pale ncha ya kivuli ilipo. Ndege ikitua, naweka ya pili. Ikiondoka, ya tatu. Salome akigonga tena kwamba imefika, ya nne. Msinicheke. Kivuli cha mchana kinatambaa na cha jioni kinakimbia, hilo nalijua kuliko nyinyi, kwa hiyo nililinganisha cha saa ileile na mwezi uleule, na palipokuwa na shaka nilimwuliza Kapteni atazame daftari lake. Katikati ya kokoto na kokoto nilikaa chini nikasafiri. Sasa ameiacha pwani. Sasa yuko juu ya mashamba ya mkonge. Sasa Kiteto, nchi kavu, ng'ombe wanaonekana kama siafu. Sasa Kondoa, makorongo mekundu. Kivuli kinajongea kidole kwa kidole, na mimi nimekaa chini miguu imenyooshwa, nasikia baridi ya huko juu kwenye mabega. Mara mbili tatu nilipitiwa kabisa na mbuzi wakaingia uwanjani. Nakiri.

Baada ya mwaka na zaidi niliona jambo. Miezi ya upepo, kuanzia Juni mpaka maembe yanapoanza kutoa maua, kokoto za kuja kutoka Dar zilikuwa zinakaribiana. Za kurudi Dar zilikuwa zinaachana. Nilidhani nimekosea. Nikarudia mwaka mwingine. Ikawa vilevile.

Nilimwambia Kapteni mbele ya mzee, akacheka kwa furaha.

"Mama, maili ni zilezile. Hewa ndiyo inatembea. Kwenu huku upepo unatoka mashariki. Nikitoka Dar unanisukuma mgongoni, saa mbili na robo nimefika. Nikirudi unanipiga usoni, saa tatu. Na nikipita hapa kwenda Mwanza bado unanisukuma. Mzee, ukiwa ndani ya behewa, treni inakwenda, na wewe ukatembea kuelekea mbele, si unafika mbele zaidi?"

"Ndani ya treni hairuhusiwi kutembeatembea," akasema Mzee Msengi.

Ubao haukufutwa. Saa tatu, saa tatu. Mimi nilikuwa mfyekaji, yeye alikuwa bosi wangu na umri wa baba yangu, nikanyamaza. Miaka ikapita hivyo, ubao ukisema lake na kokoto zikisema lake, na kwa kuwa ng'ombe nilikuwa nawaondoa mapema bila kumwambia, hapakuwa na madhara.

Halafu zikaja siku za vijiji. Watu waliokuwa wametawanyika huko mbugani na vilimani waliletwa wakae pamoja, nyumba kwa mistari, na mistari yetu ikaishia karibu na uwanja. Tukapata Mwenyekiti, Bwana Kitundu, mtu mwema mwenye sauti kubwa. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kupokea wageni wa serikali. Alitufundisha. Gari la mgeni likitajwa, balozi wa kila nyumba kumi anatoa watu wake, wanasimama mistari miwili na matawi mabichi mkononi, ngoma katikati, kwaya ya kina mama mbele, na mgeni apite kati yetu. Tulikuwa hodari. Wageni walitusifu mpaka wilayani Kiomboi.

Mzee Msengi alikuwa na binti mmoja, Mariamu, mtoto wa uzeeni. Aliolewa palepale kijijini akapata mimba ya kwanza. Mwezi Agosti, upepo ukiwa mkali mpaka mabati yanalia, akaletwa hospitali anatokwa damu na mtoto bado hajashuka. Nesi Salome alimpima, akatoka, akanifuata kwenye mlingoti.

"Mama Elibariki, hapa hatumwezi. Damu hatuna, daktari hatuna. Nimeita. Iko ndege inampeleka daktari Mwanza, watapita wamchukue Mariamu, na damu wanayo."

"Kapteni Deo?"

"Ndiye. Lakini amesema mafuta ni ya shida, amepewa ya kufika Mwanza na kidogo tu juu yake. Atazunguka mara mbili, zikizidi sana tatu. Uwanja ukiwa na kitu, anaendelea na safari."

"Na Mariamu?"

Salome aligeuka. Alirudi ndani.

Rimu ikagongwa mara moja karibu na saa sita mchana. Mzee Msengi alikuwa mlangoni mwa kibanda, saa mkononi, binti yake amelazwa ndani kwenye machela, shuka zimebadilika rangi. Akatazama saa, akatazama ubao.

"Saa tisa kasoro," akasema.

"Baba, hizo saa tatu ni za kurudi Dar. Leo upepo huu utamleta kabla ya saa nane na nusu."

"Njia ni ileile."

"Njia ni ileile, Baba, lakini..."

"Mama Elibariki. Leo siyo siku ya kubishana."

Sikubishana. Hapo ndipo penye kosa langu, na ndipo ninapowaambia nyinyi wadogo mnisikilize. Nilikuwa na kokoto za miaka. Nilijua. Lakini nilimwona yule mzee ameibana ile saa kama mtu aliyeshika kamba kisimani, nikasema moyoni, nimwache, ng'ombe nitawaondoa mwenyewe. Heshima ni kitu kizuri. Siku ile ilikuwa kitu kibaya. Mkijua jambo, semeni mara ya pili na ya tatu, hata akikasirika.

Maana sikujua la pili. Bwana Kitundu alikuwa amesikia kwamba ndege inatoka Dar es Salaam. Kwake yeye kitu kilichotoka Dar kilikuwa mgeni wa serikali, hapakuwa na aina nyingine. Alimwuliza Mzee Msengi saa ya kufika, akaambiwa saa tisa kasoro, akasema watu wake watakaa pembeni, mzee akakubali bila kusikia vizuri alichokubali. Nilipokuwa nawafukuza ng'ombe upande wa chini, niligeuka nikawaona watu wanamiminika kutoka kwenye mistari ya nyumba. Kando ya uwanja palikuwa na miiba. Kwa hiyo walisimama pale tulipofundishwa kusimama: mistari miwili, matawi mkononi, katikati ya uwanja wangu, wamebakiza kinjia cha kupita Landrova. Ngoma katikati. Kwaya mbele.

Nikakimbia. "Mwenyekiti! Ondoa watu!"

"Bado mapema, Mama Elibariki, tunajipanga tu."

"Hii siyo gari! Inakuja na mabawa!"

"Si tumeacha njia?" akasema, akaonyesha kile kinjia kwa fahari kabisa.

Na hapohapo nikaisikia. Jua lilikuwa limepinda kidogo tu. Soksi ilikuwa imenyooka kama ubao kuelekea magharibi, na ile ndege ikatokea upande wa Kondoa ikiwa ndogo kama nyuki, ikakua haraka kuliko nilivyowahi kuiona. Ikashuka, ikaona watu, ikainuka na kupita juu ya vichwa vyetu. Kijiji kizima kikapiga vigelegele.

"Anatusalimia!" mtu akapaza sauti.

Mzee Msengi alitoka kibandani anachechemea, anapiga filimbi, anapepea bendera nyekundu. Kina mama wakaona jambo jema, wakavua vitenge wakapepea nao. Kadiri ndege ilivyozunguka ndivyo nyimbo zilivyopanda. Kwaya ilikuwa imefika pale inapofurahisha, watoto wanaruka, na yule mzee katikati yao anapiga kelele, "Mwanangu! Mwanangu anakufa, tokeni!" na hakuna aliyesikia hata neno moja. Ikashuka tena. Ikainuka tena. Mara ya pili.

Kwetu kuna yowe la msiba, na kuna yowe la ng'ombe kuibiwa. La ng'ombe ni refu, halafu mafupi matatu, halafu refu. Kila mtoto analijua kabla hajajua kuvaa nguo. Ukilisikia huulizi, unakimbia. Na kulipiga bure ni kosa ambalo hata mlevi halifanyi.

Nilisimama mbele ya kwaya, nikaweka mkono mdomoni, nikalipiga. Nikaonyesha magharibi, kule mbugani.

Ngoma ilikatika kama kamba. Kulikuwa na kimya cha pumzi moja, nikausikia upepo peke yake. Halafu wanaume wote waliondoka mbio kama mbegu zilizotupwa, kila mmoja kuelekea kwa mkuki wake na zizi lake, na kina mama wakanyakua watoto wakakimbilia nyumbani kufunga milango. Bwana Kitundu alikimbia viatu mkononi. Uwanja ulibaki na matawi na ngoma moja inayoviringika. Mimi na Mzee Msengi tuliikimbilia tukaiburuta nje, na ndege ikatua nyuma yetu, vumbi likatufunika.

Hawakuzima injini. Daktari aliruka chini, Salome na wahudumu wawili wakapandisha machela, chupa ya damu ikaning'inizwa. Kapteni alifungua kidirisha.

"Mama! Umewafanya nini wale?"

"Hayakuhusu. Nenda, mafuta."

Akaenda.

Mzee Msengi alikaa chini penye mlingoti, mahali pangu. Aliiweka saa mfukoni. Vumbi likatulia, mchana ukawa mweupe na mpana, hata ndege wa porini hawakulia. Kisha akasema, bila kunitazama, "Sasa wako wapi?"

Nikatazama kivuli. "Wanavuka mbuga ya Wembere, Baba. Chini yao ni matope na nyasi."

"Sasa?"

"Wameingia Meatu."

"Sasa?"

Nikamjibu kila alipouliza. Alikuwa anatikisa kichwa polepole kama mtu anayesinzia kwenye kiti cha treni. Nilipomwambia, "Sasa wanaliona ziwa," akafunika uso kwa kofia. Na kivuli kilikuwa hakijasogea sana tena Salome alipogonga rimu. Wamefika. Mariamu ameingizwa chumba cha upasuaji. Zaidi ya hapo hakuambiwa.

Jioni wanaume walirudi na mikuki yao, wamechoka, wana hasira. Wazee wakaniita palepale. Walinisikiliza. Wakaelewa. Wakanitoza beberu na madebe mawili ya uwele, kwa sababu yowe ni yowe, na siku nyingine ng'ombe wakiibiwa kweli watu wangesema ni Mama Elibariki na ndege zake. Nililipa. Ningekuwa upande wao ningejitoza vilevile.

Siku ya pili habari ikaja kwamba Mariamu yu hai. Za mtoto hakuambiwa mtu.

Alirudi baada ya wiki saba, kwa basi na lori, siku tatu njiani, amekonda, na mikononi hana kitu. Hakutaka kusema na mtu. Mama yake alimpikia uji, ukapoa. Nyama, ikapoa. Siku ya nne au ya tano wakaniita. Nilimkuta amekaa uani, baba yake pembeni kwenye kigoda.

"Shikamoo, Mama Elibariki."

"Marahaba, mwanangu."

Halafu akasema, "Daktari ameniambia alizaliwa tukiwa juu. Wa kiume. Alilia. Mimi sikumsikia, nilikuwa kama niko usingizini. Amesema aliishi kama nusu saa, na kabla ndege haijaanza kuteremka akawa ameondoka." Alikuwa anajikaza, anaongea kama mtu anayesoma barua ya mwingine. "Nimemwuliza ni wapi. Amesema ni angani tu. Angani ni wapi? Watu wote wana walikozaliwa."

Mzee Msengi alinitazama.

Nilikaa chini. Sikuhitaji kokoto, siku ile nilikuwa nimeihesabu usiku na mchana tangu ilipopita. Nikamwuliza Mariamu, daktari alisema mtoto alizaliwa muda gani baada ya kuondoka kwetu. Akasema hata nusu saa haikufika, maana chupa ya kwanza ya damu ilikuwa haijaisha. Nikaurudisha ule upepo, jinsi ulivyokuwa, na mwendo wa ndege ndani yake.

"Alizaliwa juu ya Meatu," nikamwambia. "Mmekwisha kuivuka mbuga. Chini yenu palikuwa na mibuyu mirefu na njia za ng'ombe, nyekundu, zinakwenda kisimani. Pale ndipo alipolia."

"Halafu?"

"Halafu akapita Maswa yote. Mashamba ya pamba, nyumba za tembe, watu wako shambani. Kivuli cha ndege kilipita juu yao naye yumo ndani. Akavuka mto. Akafika mahali ambapo nchi inaanza kung'aa kwa mbele, na huko ni ziwa. Hapo ndege ikaanza kuteremka."

"Alifika ziwani?"

Ningeweza kumdanganya. Sikumdanganya. "Hakufika. Lakini ukiwa juu unaliona kabla ya kulifika. Kapteni aliwahi kuniambia, linaonekana kutoka mbali sana."

Mariamu alihesabu kwa vidole, taratibu, Meatu, Maswa, akarudia tena tangu mwanzo.

"Basi alisafiri," akasema.

"Alisafiri sana."

Akavuta bakuli la uji lililokuwa miguuni pake, akauondoa utando wa juu kwa kidole, akanywa.